Sokwe Waliostaafishwa Kutoka Maabara na Maradhi Sugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini sokwe aitwe mstaafu?

Neno lenyewe lina ukakasi kidogo, kwa sababu mstaafu kwa kawaida ni mtu aliyekubali kazi kwa hiari yake, akalipwa ujira, kisha umri ulipofika akapumzika. Sokwe hakukubali chochote. Hata hivyo neno limekwishazoeleka, na linamaanisha sokwe aliyetumika katika majaribio ya tiba, ya chanjo au ya safari za anga, kisha akahamishiwa kwenye hifadhi ambako hafanyiwi tena utafiti wa kumwingilia mwili.

Wengi wa sokwe hao wako Marekani. Mmoja wa wa kwanza kujulikana ulimwenguni alikuwa Ham, aliyekamatwa Kameruni akiwa mtoto na kurushwa angani tarehe 31 Januari 1961. Baada ya enzi hiyo ya roketi ilifuata miongo ya utafiti wa homa ya ini, halafu miaka ya VVU. Mwezi Desemba 2000 Marekani ilitunga sheria iliyoanzisha mfumo wa hifadhi kwa sokwe waliokuwa mali ya serikali, na mwaka 2005 kundi la kwanza lilipokelewa Chimp Haven, jimboni Louisiana. Mwishoni mwa 2011 jopo la wataalamu lilihitimisha kwamba sehemu kubwa ya majaribio ya tiba yaliyokuwa yakiendelea kwa sokwe haikuwa ya lazima, na mwezi Novemba 2015 taasisi za afya za serikali zikatangaza kwamba hata wale 50 waliokuwa wamebakizwa kama akiba ya utafiti wangestaafishwa.

Wapo wengine nje ya mfumo huo wa serikali. Save the Chimps ya Florida ilichukua sokwe 266 mwaka 2002 kutoka maabara moja ya New Mexico. Hifadhi ya Fauna, iliyoko Quebec nchini Kanada, ilipokea sokwe 15 wa maabara ya New York mwaka 1997, baadhi yao wakiwa na VVU. Liberia ina sokwe wanaoishi kwenye visiwa vya mito, na Japani ina hifadhi ya Kumamoto inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Kyoto.

Wanaugua nini hasa?

Watu wengi hudhani jibu ni virusi walivyopandikizwa. Kwa sehemu ni kweli, lakini kinachowaua zaidi ni moyo.

Ugonjwa wa moyo ndio unaoongoza kwa kuua sokwe waliokomaa wanaoishi chini ya uangalizi wa binadamu, hasa madume, na hauwajii kwa njia inayotujia sisi. Kwa binadamu, mishipa inayolisha moyo huziba kwa mafuta na damu ikashindwa kupita. Kwa sokwe, mishipa hiyo mara nyingi huwa safi, ila misuli ya moyo yenyewe hubadilika kidogo kidogo kuwa kovu. Nyuzi ngumu hujipenyeza katikati ya misuli hai, moyo hupoteza ulaini wake, na njia za umeme unaoratibu mapigo huvurugika. Matokeo yake ni kwamba dume anayeonekana mzima kabisa, aliyekula vizuri asubuhi na kufanya vurugu zake za kujionyesha mbele ya wenzake, anaweza kuanguka na kufa mchana bila dalili yoyote iliyotangulia. Chanzo cha kovu hilo hakijathibitishwa. Ndiyo maana madaktari wanaowahudumia huhimiza kupima moyo kabla ya dalili, maana atakayesubiri dalili huenda akazikuta kwenye maiti.

Dawa zinazotumika ni zilezile za binadamu, yaani zinazolegeza mishipa na kupunguza shinikizo la damu, zinazotuliza mapigo, na zinazotoa maji mwilini pale moyo unapozidiwa. Haziondoi kovu. Zinapunguza mzigo ili moyo uliobaki ufanye kazi kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya moyo hufuata figo zinazochoka, kisukari, baridi yabisi ya magoti, nyonga na uti wa mgongo, meno yaliyooza au kuvunjika, kifafa kwa baadhi yao, na maambukizi ya mifuko ya hewa. Hili la mwisho halina mfano kwetu. Sokwe ana mfuko wa ngozi laini unaoanzia kooni na kushuka hadi kifuani, na usaha unapojikusanya humo hukaa kwa wiki nyingi, ukinuka mdomoni na kutishia kushuka mapafuni. Kuusafisha kunahitaji dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu, na mara nyingine upasuaji.

Vipi kuhusu VVU na homa ya ini? Je, sokwe hao wako taabani?

Zaidi ya sokwe 100 waliambukizwa VVU nchini Marekani kwa matarajio kwamba wangeugua kama binadamu na hivyo kufaa kujaribia chanjo. Hawakuugua. Virusi vilijizalisha kwa kiwango kidogo na kinga zao zikabaki imara, kiasi kwamba kisa kinachotajwa siku zote ni cha sokwe mmoja wa kituo cha utafiti cha Yerkes, Atlanta, aliyejulikana kwa namba C499, ambaye alipata UKIMWI takribani miaka 10 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo sokwe mwenye VVU katika hifadhi kwa kawaida hana dawa za kufubaza virusi kwenye ratiba yake. Hupimwa damu kila fursa inapopatikana, na hupewa matunzo yaleyale ya wenzake.

Isieleweke, hata hivyo, kwamba sokwe wote wana ngao dhidi ya virusi vya jamii hii. Uchunguzi wa miaka mingi katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba sokwe wa porini wenye virusi vyao vya asili, ambavyo ndivyo chimbuko la VVU vya binadamu, hufa mapema zaidi kuliko wenzao wasio navyo.

Homa ya ini aina ya B na C ni jambo jingine. Sokwe walitumika sana katika utafiti huu kwa sababu ni wanyama wachache mno, mbali na binadamu, wanaoweza kubeba virusi hivyo. Kwa aliyebaki na virusi maisha yake yote, ugonjwa huwa mwepesi kuliko wetu, lakini ini hupimwa kila mara, na daktari hulazimika kulifikiria kabla ya kuandika dawa nyingine yoyote inayopitia hapo. Sokwe mmoja mwenye moyo mbovu, maumivu ya magoti na ini lenye virusi ni hesabu ngumu, kwa kuwa dawa ya kiungo kimoja ni mzigo wa kiungo kingine.

Mtunzaji anaweza kuambukizwa?

Anaweza, akiumwa, akikwaruzwa au damu ikimrukia kwenye jeraha. Ndiyo maana watunzaji huchanjwa dhidi ya homa ya ini B, huvaa glavu, kinga ya uso na barakoa, na hawaingii kamwe chumba alimo sokwe aliyekomaa. Kazi yote hufanyika huku wavu wa chuma ukiwatenganisha. Sokwe hana nguvu mara tano au mara kumi ya binadamu kama inavyosimuliwa. Vipimo vinaonyesha kwamba kwa uzito uleule anatushinda kwa takribani mara moja na nusu tu, lakini ukiongeza meno yake na ghadhabu yake, hiyo nusu inatosha.

Hatari kubwa zaidi ya maambukizi hutoka kwetu kwenda kwao. Mafua yanayomfanya mtu apige chafya siku tatu yanaweza kuua sokwe. Katika msitu wa Kibale, Uganda, mwaka 2013, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe watano katika jamii yenye takribani 56. Sasa mfikirie sokwe mwenye umri wa miaka 45 na moyo wenye makovu. Mtunzaji mwenye makamasi hubaki nyumbani, kifua kikuu hupimwa kwa wafanyakazi wote kila mwaka, na wageni huwekwa mbali.

Kwa nini wasirudishwe msituni wakafie huru?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, na jibu lake ni fupi. Wengi wao walizaliwa maabara na hawajawahi kuuona msitu. Hawajui chakula cha porini wala adui wa porini. Jamii za sokwe wa mwituni hulinda mipaka yao kwa kuua wageni, hasa madume. Isitoshe, hakuna mwenye akili timamu atakayepeleka virusi vya maabara kwa jamii ambayo tayari iko hatarini kutoweka.

Sokwe anamezaje dawa kila siku?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mtu anapogundua kwamba anayemhudumia ana akili ya kutosha kumzunguka. Dawa husagwa na kuchanganywa kwenye juisi, au hufichwa ndani ya kipande cha ndizi, tende au kijiko cha siagi ya karanga. Sokwe huionja juisi kwa ncha ya ulimi, akihisi uchungu huitema, na siku tatu zinazofuata huikataa hata ikiwa safi. Kwa hiyo ladha hubadilishwa, na kila mara hutolewa juisi isiyo na dawa ili kinywaji chenyewe kisije kikawa ishara ya ulaghai. Watunzaji wenye uzoefu husema ni heri kumfundisha sokwe kukubali kidonge waziwazi, akijua kwamba baada ya kukimeza atapewa kitu anachokipenda, kuliko kumfichia dawa kila siku.

Kisha kuna suala la kuhakikisha kwamba kimemezwa. Mdomo wa chini wa sokwe ni mpana na hubinuka kama kibakuli, na humo kidonge kinaweza kukaa dakika nyingi mpaka mtu aondoke, ndipo kitemwe sakafuni. Kwa sababu hiyo sokwe hufundishwa kupanua kinywa na kubinua mdomo akiombwa. Pia kila mgonjwa huitwa kwenye kituo chake, mbali na mwenye cheo kikubwa kundini, vinginevyo dawa ya moyo ya jike mpole itaishia tumboni mwa dume mbabe ambaye hana tatizo lolote la moyo.

Sindano na vipimo vinafanyikaje bila kumkamata?

Kwa hiari ya sokwe mwenyewe. Kwa maoni yangu hili ndilo linalotenganisha hifadhi na maabara kuliko ukubwa wa uwanja au wingi wa miti. Mnyama huyu alidungwa kwa miaka mingi, mara nyingi kwa bunduki ya sindano, akiwa kwenye kizimba ambacho ukuta wake wa nyuma uliweza kusukumwa mbele hadi akabanwa asiweze kujigeuza. Wapo ambao hadi leo wakiona mtu amebeba kitu kirefu chenye umbo la bomba hupiga mayowe na kuharisha papo hapo. Matibabu yanayomrudisha kwenye hofu hiyo kila wiki yatamtibu kisukari na kumharibia kila kilichobaki.

Mafunzo hufanywa kwa zawadi peke yake. Mtunzaji huketi kwenye kigoda karibu na wavu, akiwa na kikombe cha zabibu kavu au vipande vya tunda, na kidude kidogo mkononi kinachotoa mlio mkali kikibofywa. Mlio humwambia sokwe kwamba hicho alichokifanya sasa hivi ndicho kinacholipwa. Siku za mwanzo analipwa kwa kusogeza bega kwenye wavu. Baadaye bega linaguswa kwa kidole, halafu kwa kijiti, halafu kwa sindano iliyokatwa ncha, halafu linapakwa spiriti, ambayo baridi yake na harufu yake humkumbusha mengi, na hapo huenda kazi ikarudi nyuma wiki mbili nzima. Mwishowe siku ya sindano yenyewe inafika. Sokwe anaegemeza bega, anageuza uso upande mwingine kama wafanyavyo watu wengi, anapepesa macho, na kabla hajageuka tena ameshapewa zabibu yake. Akiondoka katikati ya zoezi hafuatwi wala hanyimwi chakula chake cha kawaida. Uhuru wa kuondoka ndio unaomfanya arudi kesho.

Kwa njia hiyohiyo sokwe hufundishwa kuingiza mkono kwenye bomba la chuma lililofungwa kwenye wavu na kushika fimbo iliyoko mwishoni huku damu ikichukuliwa, kukojoa kwenye kikombe, kutega sikio kwa kipimajoto, na kubana kifua kwenye tundu la wavu ili kipimo cha altrasaundi kionyeshe moyo ukipiga. Kipimo hiki cha mwisho kina thamani kubwa sana, kwa kuwa moyo wa sokwe aliye macho huonyesha hali yake halisi, ilhali dawa ya usingizi hubadilisha mapigo na shinikizo.

Wapo wasiokubali kamwe. Majike wawili wa umri mmoja na historia moja wanaweza kutofautiana, mmoja akatoa mkono mwezi wa kwanza na mwingine asikaribie wavu miaka mitano. Matunzo ya huyo wa pili hupangwa kwa kutegemea macho ya watu wanaomfahamu, yaani namna anavyopanda, anavyopumua baada ya kukimbia, anavyoacha chakula alichokuwa akikigombania.

Dawa ya usingizi hutumika lini basi?

Kwa upasuaji, kung'oa meno, picha za eksirei, na jeraha kubwa la kuumwa na mwenzake. Zamani ilikuwa desturi kumlaza kila sokwe usingizi mara moja kwa mwaka kwa ajili ya uchunguzi wa jumla. Siku hizi hifadhi nyingi huzingatia umri na moyo wa kila mmoja, kwa sababu nusukaputi ndiyo saa ya hatari zaidi kwa moyo wenye makovu. Akilazimika kulazwa, kila mtaalamu hualikwa siku hiyohiyo, wa meno, wa macho, wa moyo, ili usingizi mmoja utoshe kwa mambo mengi.

Kisukari kinatibiwaje?

Kisukari cha sokwe kinafanana na kile cha ukubwani kwa binadamu, na mara nyingi huambatana na unene uliotokana na miaka ya kukaa kizimbani. Hatua ya kwanza ni chakula. Majani mabichi na mboga huongezwa, matunda ya dukani yenye sukari nyingi hupunguzwa, na chakula hutawanywa uwanjani ili kitafutwe kwa miguu. Zikihitajika, hufuata dawa za kumeza, na kwa wachache insulini ya sindano kila siku, jambo lisilowezekana bila mafunzo yaliyoelezwa hapo juu. Mkojo huvutwa sakafuni kwa bomba la sindano asubuhi na kupimwa kwa kijikaratasi. Wengine hukubali kuchomwa kidole.

Ugumu ni kwamba zawadi ya mafunzo ni tamu na ugonjwa unakataza utamu. Wengi hulipwa kwa kipande cha nyanya au pilipili hoho, na inashangaza jinsi sokwe anavyokubali mshahara mdogo ukilipwa kwa wakati.

Mzee asiyeweza kupanda anaishije na wenzake?

Kwa sokwe, kukaa juu ni usalama na ni heshima. Mwenye nyonga mbovu anayelala chini peke yake usiku hupoteza vyote viwili. Hivyo majukwaa hushushwa, ngazi kali hubadilishwa kuwa njia za mteremko, na mabomba ya zimamoto yaliyostaafu nayo husukwa kuwa vitanda na vishikio vya njiani. Sakafu hupashwa joto wakati wa baridi. Nyasi kavu na mablanketi huwekwa kwa wingi, kwa kuwa sokwe hujenga kiota kila jioni hata akiwa na vidole vilivyokakamaa, na kumnyima vifaa vya kiota ni kumnyima usingizi wa kisokwe. Dawa za maumivu hutolewa, ila zile za kawaida hudhuru figo, kwa hiyo damu hufuatiliwa na kipimo hushushwa mapema.

Mfano wa kufikiria unatoka Chuo Kikuu cha Kyoto, ingawa huyu hakuwa sokwe wa majaribio ya tiba. Mwaka 2006 dume aitwaye Reo, mwenye umri wa miaka 24, alivimba uti wa mgongo na kupooza miguu na mikono ghafla. Watunzaji wake walimlisha kwa mkono na kumgeuza ili kupunguza vidonda vya kulala, ambavyo havikuepukika. Alipoanza kuweza kuketi, hakuwa na sababu ya kutembea, kwa kuwa kila kitu kililetwa alipo. Ndipo wakaweka kompyuta ya kugusa upande mmoja wa chumba, na mashine inayotoa kipande cha chakula kwa kila jibu sahihi upande wa pili. Reo alilazimika kujikokota kutoka ukuta hadi ukuta kufuata ujira wake, na kadiri miezi ilivyopita akaongeza mwendo wake wa kila siku. Kwa mgonjwa, kuwa na mahali pa kwenda ni sehemu ya dawa.

Je, sokwe hupata maradhi ya akili?

Mtu aliyemwona sokwe akijing'oa nywele za mikono mpaka ngozi ikabaki wazi, au akijiuma mkono wake mwenyewe kila mlango wa chuma ukigongwa, hataliuliza swali hili mara ya pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha sokwe wa hifadhi za Afrika wenye historia ya kiwewe na wale wa msituni, ulikuta dalili za msongo wa baada ya kiwewe na za huzuni kuu kwa wingi zaidi kwa wale wa hifadhini. Waliotengwa na mama zao siku za mwanzo na kulelewa peke yao huathirika zaidi, kwa sababu hawakujifunza hata namna ya kuomba kukumbatiwa.

Dawa za kutuliza hofu na huzuni hutumika kwa wachache, kwa kipimo cha tahadhari. Kinachowafaa wengi ni wenzao, ratiba isiyobadilika ovyo, na uwezo wa kuchagua mambo madogo, kama vile kuingia au kutoka, kuwa na fulani au kumkwepa. Usafi wa manyoya wanaofanyiana, wakichambuana kwa saa nzima, ni tiba ambayo hakuna daktari anayeweza kuiandika.

Mgonjwa atengwe apumzike?

Kwa kadiri inavyowezekana, hapana. Sokwe aliyetengwa kwa wiki kadhaa anaweza kurudi na kukuta nafasi yake kundini imechukuliwa, kisha akapigwa. Anayehitaji uangalizi wa karibu huwekwa chumba cha jirani chenye wavu unaomruhusu kuona na kugusa wenzake, au rafiki yake mmoja huachwa alale naye. Baadhi ya hifadhi zina vikundi vidogo vya wazee, vyenye utulivu, visivyo na vijana wa kiume wanaotafuta madaraka. Lakini si kila mzee anaupenda utulivu. Wapo wanaochangamka wakiwa katikati ya kelele, na wakihamishiwa kwa wazee wenzao huanza kuacha kula.

Sokwe mgonjwa sana ahamishwe kutoka maabara, au aachwe alipozoea?

Hili limezua ugomvi wa kweli. Oktoba 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitangaza kwamba sokwe 44 waliokuwa Alamogordo, New Mexico, wasingehamishiwa Chimp Haven kwa sababu walikuwa na maradhi ya moyo, kisukari na mengineyo, na safari ingewaweka hatarini. Mashirika ya kutetea wanyama yalikwenda mahakamani, na Desemba 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Maryland aliamua kwamba kutowahamisha ni kukiuka sheria.

Hoja ya madaktari waliosita si ya kupuuzwa. Safari ya zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya gari, kuagana na nyuso zinazofahamika, na kutambulishwa kwa kundi jipya ni mshtuko ambao moyo dhaifu huenda usiuhimili. Lakini hoja hiyo ina udhaifu wake. Maradhi ya moyo hayapungui kwa kusubiri, na anayechelewesha uhamisho hadi mnyama adhoofike hawezi kisha kuutumia udhaifu huo kama sababu. Naona uamuzi ufanywe kwa kila sokwe, na aliye na rafiki ahamishwe pamoja naye.

Nani hulipa?

Sheria ya Marekani inaitaka serikali kuu igharimie asilimia 75 ya uendeshaji wa mfumo wa taifa wa hifadhi, na hifadhi yenyewe itafute asilimia 25. Hifadhi nyingine huishi kwa michango. Dawa za mgonjwa mmoja wa moyo zitanunuliwa kila mwezi kwa miaka 10 au zaidi, na sokwe wengi hufika miaka 40, wengine 50 na ushee. Anayeahidi kuwatunza anaahidi muda mrefu kuliko bajeti yoyote.

Liberia ilionyesha hatari yake. Kituo cha Damu cha New York kilikuwa na maabara huko tangu 1974, kikawastaafisha sokwe wake kwenye visiwa, na Machi 2015 kikaacha kugharimia chakula chao. Visiwa hivyo havina chakula cha kuwatosha wala maji yasiyo na chumvi ya kunywa, na sokwe zaidi ya 60 walikuwa wakisubiri mashua. Watunzaji wa Liberia waliendelea kuwahudumia huku michango ikikusanywa, na mwaka 2017 kituo hicho kilikubali kutoa dola milioni 6 kwa ajili ya matunzo yao.

Je, wanazaa hifadhini?

Nchini Marekani jambo hilo halikubaliki, na madume hufungwa uzazi. Mwaka 2007 upasuaji huo ulishindwa kazi na mtoto wa kike, Tracy, akazaliwa Chimp Haven bila kutarajiwa na yeyote.

Uamuzi wa kumwacha afe, au kumsaidia kufa, hufikiwaje?

Sheria ya hifadhi za taifa za Marekani inakataza kumuua sokwe kwa sababu ya gharama au nafasi. Inaruhusiwa pale tu inapokuwa kwa maslahi ya mnyama mwenyewe. Kabla ya hapo huja miezi ya huduma shufaa, ambapo vipimo vya maudhi huachwa, vyakula vilivyokatazwa hurudishwa, na lengo huwa siku njema badala ya siku nyingi.

Watunzaji huweka orodha fupi ya mambo ambayo sokwe huyo, si sokwe kwa jumla, huyapenda. Mmoja hupenda kuketi juani mlangoni asubuhi, mwingine kuchungulia malori ya mboga, mwingine kucheza kufukuzana kando ya wavu. Kila jioni huandikwa yapi ameyafanya. Orodha inapobaki tupu siku baada ya siku, licha ya dawa za maumivu, daktari, watunzaji na uongozi huketi pamoja. Kura ya anayemsafishia chumba kila siku husikilizwa sana, na inastahili, ingawa mara nyingine upendo wake ndio unaoomba wiki moja zaidi isiyo na faida kwa mgonjwa.

Kundi huambiwaje?

Huonyeshwa mwili. Pale inapowezekana maiti hulazwa chumba ambacho wenzake wanaweza kuingia, na mlango huachwa wazi. Wengine hunusa kinywa na kuinua mkono kuuangalia ukidondoka. Wengine huchambua manyoya kwa utulivu, na dume kijana huenda akauvuta mguu kwa nguvu kana kwamba anamwamsha. Wapo wanaopita bila kutazama. Sokwe ambao hawakuuona mwili wanaweza kwenda kuchungulia chumba kile kwa siku nyingi.

Baada ya hapo maiti hufanyiwa uchunguzi kamili, na moyo hukatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa hadubini ili kupima kovu limefika wapi. Matokeo hulinganishwa na picha za altrasaundi alizokubali kupigwa akiwa hai, kifua chake kikiwa kwenye tundu la wavu, na taarifa hizo hupelekwa kwa madaktari wanaowatibu waliobaki.